Mazoezi ya Sarufi ya Kiingereza kwa Wanafunzi Waanzao: Uhakiki

Habari za Kiingereza katika shule zetu za msingi zimejadiliwa sana, na aghalabu mjadala huo umekuwa wa siasa ya lugha: itumike lugha gani kufundishia, na kuanzia darasa la ngapi. Makala haya hayakusudii kuurudia mjadala huo. Yanakusudia kutazama jambo dogo zaidi, ambalo kwa udogo wake limepita bila kuhakikiwa ipasavyo, nalo ni yale mazoezi ambayo mwalimu huwafanyisha watoto darasani ili waishike sarufi ya Kiingereza. Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo hilo liletwe mbele ya wataalamu wa Kiswahili. Jibu langu ni kwamba mtoto aingiaye katika kipindi cha Kiingereza haji mikono mitupu. Huja na sarufi nzima ya Kiswahili kichwani mwake, na zoezi lisiloijua sarufi hiyo ni kama kazi ya mshoni akataye nguo bila kumpima atakayeivaa.

Udogo wa jambo hili ni wa sura tu, si wa matokeo. Tanzania Bara, tangu miaka ya 1967 na 1968, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, toka darasa la kwanza hadi la mwisho, na Kiingereza husomwa kama somo. Kisha mtoto anapoingia kidato cha kwanza, hesabu, jiografia na elimu ya viumbe humjia kwa Kiingereza. Criper na Dodd, walioichunguza hali hiyo katika ripoti yao ya mwaka 1984, waliona kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakikutosha kabisa kubeba masomo mengine. Mengi yamejaribiwa tangu hapo, lakini daraja lenyewe ni lile lile: vile vipindi vya Kiingereza vya shule ya msingi. Kwa hiyo kipindi kimoja kikipotea katika zoezi lisilofundisha, hasara yake si ya somo moja; ni ya masomo yote yanayongojea ng'ambo ya pili.

ASILI YA MAZOEZI

Mazoezi yatumikayo katika madarasa yetu hayakuzaliwa hapa, na yafaa asili yake ikumbukwe kabla ya kuyahukumu. Harold Palmer, mwanaisimu Mwingereza, alitoa mwaka 1916 kitabu cha majedwali mia moja ya kubadilishia maneno, kila jedwali likiwa na safu ambazo mwanafunzi huchagua neno kutoka kila moja na kuunda sentensi. Baadaye alikwenda Japan, akaiongoza taasisi ya utafiti wa mafundisho ya Kiingereza iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1923. Na mwaka 1925, pamoja na binti yake Dorothée, alitoa kitabu cha kufundisha Kiingereza kwa njia ya vitendo, ambamo mwanafunzi hutenda jambo huku akilisema. A. S. Hornby, aliyefundisha Japan tangu 1924 na aliyekuwa mhariri wa kwanza wa jarida la *English Language Teaching* lililoanza mwaka 1946, aliyapanga mawazo hayo kuwa njia kamili, kwamba kila muundo wa sentensi ufundishwe kwanza katika hali inayoonekana kwa macho. Ni mafundisho ya namna hii yaliyotawala vitabu na vyuo vya ualimu vya makoloni ya Waingereza katika miaka ya 1950, na Afrika Mashariki haikuwa nje yake.

Jambo la pili la kukumbuka ni mkutano wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Makerere mwanzoni mwa mwaka 1961 kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Phillipson, katika kitabu chake cha 1992, ameyachambua mafundisho yaliyotokana na mkutano ule, na la kwanza kati yake ni kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza peke yake. Fundisho hilo liliyakuta mazoezi ya Palmer na Hornby yakiwa tayari, yakaoana nalo vema, kwa kuwa yote mawili hayakuhitaji kujua lugha ya mwanafunzi. Jedwali lile lile lingeweza kutumika Tokyo, Rangoon na Tabora. Jambo hilo lilihesabiwa kuwa fadhila. Mimi nadhani ndiyo ila yake kubwa.

JEDWALI LA KUBADILISHIA

Tutazame jedwali la kawaida la mwanzo. Safu ya kwanza ina "the boy", "the girl" na "my father". Safu ya pili ina "is". Safu ya tatu ina "in the house", "at the market" na "under the tree". Mtoto huchagua na kusoma, na kwa kila safari hupata sentensi iliyo sahihi. Sentensi tisa kwa jumla, na hakuna hata moja inayoweza kuharibika. Katika darasa la watoto 60 wenye vitabu vichache, mwalimu mwenye jedwali ubaoni anaweza kulifanya darasa zima liseme Kiingereza kwa robo saa, na ndimi zikazoea mpangilio ambao hazikuuzoea. Fadhila hiyo si ya kudharauliwa, wala sitaki kuonekana kuwa miongoni mwa wale wanaolicheka jedwali kwa sababu ni la zamani.

Lakini huko kutoharibika ndiko kunakolipunguzia thamani. Mtoto asiyejua maana ya "under" huitamka sentensi yake sawasawa na yule anayeijua. Mwalimu husikia sauti moja, husifu sauti moja, na hana njia ya kumtenga ajuaye na asiyejua. Aliyepata kukaa nyuma ya darasa la namna hiyo anaijua ile sauti ya pamoja, yenye mdundo wake, ambayo huendelea vizuri hata mwalimu anapogeuka kufuta ubao. Kilichojifunzwa hapo ni wimbo. Wimbo una faida zake, lakini mtoto hatauimba mbele ya mtihani wa elimu ya viumbe.

Hapa ndipo ninapopendekeza kipimo kimoja cha kuhakikia zoezi lo lote la sarufi, nacho ni hiki: mwanafunzi akikosea ile sarufi inayofundishwa, je, kuna kitu kinachoharibika katika zoezi lenyewe? Kama mtu atapotea njia, au ataletewa kitu asichokitaka, au atakosa haki yake kwa sababu ya kosa lile, basi zoezi linafundisha, kwa maana sarufi imekuwa na kazi ndani yake. Kama hakuna kinachoharibika isipokuwa alama katika daftari la mwalimu, sarufi imekuwa pambo.

Zoezi la kujaza nafasi halikawii kushindwa kwa kipimo hicho. Mtoto hupewa habari za Juma aendaye shule "every day", akaachiwa pengo mahali pa kitenzi. Baada ya siku chache hujifunza kutosoma sentensi. Hutafuta tu yale maneno mawili ya mwisho, akaandika "goes". Amejua kuisoma alama ya mwalimu, basi.

ZOEZI LA VITENDO

Zoezi la vitendo lastahili kuangaliwa kwa kirefu zaidi, kwa sababu ndilo linalosifiwa kuliko yote, na ndilo linaloonyesha vizuri zaidi hasara ya kutoijua lugha ya mwanafunzi. Mtoto huambiwa aende mlangoni. Akiwa njiani mwalimu humwuliza anafanya nini, naye hujibu, "I am going to the door." Akiufungua husema, "I am opening the door." Darasa huchangamka na maana huonekana kwa macho, Palmer hakukosea alipoona kwamba mwili ukitembea ulimi hufuata.

Lakini tujiulize mtoto wa Kiswahili anahitimisha nini. Yeye anayo njeo ya -na-: "ninakwenda mlangoni", "ninafungua mlango". Zoezi halikumwambia neno juu ya Kiswahili, ila kwa kurudiarudia limemthibitishia kanuni moja, kwamba popote penye -na- Kiingereza huweka "am" na "-ing". Kanuni hiyo ni ya kweli kwa kwenda na kufungua. Mtoto mwerevu huichukua na kuipeleka mbele: "ninajua" huwa "I am knowing", "ninataka" huwa "I am wanting", na kwa kuwa "nina kitabu" husikika kama ndugu wa "ninasoma kitabu", haikawii kuja "I am having a book". Makosa haya hayatokani na uvivu. Ni matunda ya zoezi lililofaulu. Kiswahili hakivigawi vitenzi vya kutenda na vitenzi vya kuwa katika hali kwa njia ambayo Kiingereza huvigawa, na zoezi lililoundwa bila kuijua tofauti hiyo limeijaza nafasi yake kwa kanuni ya uongo.

Ubaya wa pili umejificha zaidi. Mwalimu huendelea, akamwonyesha mtoto aliyeketi, akasema, "She is sitting"; akamwonyesha aliyevaa sweta, akasema, "She is wearing a sweater." Kwa Kiswahili watoto hao "ameketi" na "amevaa". Njeo ya -me-, ambayo mahali pengine mwalimu huifananisha na "has", hapa yaonyesha hali iliyopo sasa baada ya tendo kwisha. Mtoto aliyefundishwa kwamba -na- ni "-ing" hawezi kuiona "-ing" katika "amevaa", naye husema "She has worn a sweater", halafu husahihishwa bila kuelezwa.

Basi, kutokana na kasoro hii hii laweza kuzaliwa zoezi jema. Tofauti kati ya "anavaa sweta" na "amevaa sweta" hakuna mtoto wetu asiyeijua, ameinyonya. Kiingereza huitenga tofauti hiyo si kwa njeo bali kwa vitenzi viwili, "is putting on" na "is wearing". Na kwa kuketi huitenga kwa neno dogo, "is sitting down" na "is sitting". Wasimamishwe watoto wawili mbele ya darasa, mmoja akiwa katika kuvaa, kichwa kikiwa bado ndani ya sweta, mwingine akiwa amekwisha kuvaa. Mtoto wa tatu aambiwe sentensi moja na mwenzake kisha aende kumshika mkono anayetajwa. Akiambiwa "is wearing" akamshika yule aliye katika kuvaa, darasa litacheka na kosa litajulikana kwa wote, bila mwalimu kutia neno. Mwenye kuyaweza hayo ni mwalimu aliyeitafakari njeo ya -me-. Hayawezi yule aliyekatazwa kuikumbuka.

MAZOEZI MATATU MENGINE

Tangu miaka ya 1980 yamekuja mazoezi ya namna ya michezo, na vitabu kama vile cha Rinvolucri cha 1984 na cha Penny Ur cha 1988 vimeyaeneza. Hatua hiyo ni njema, maana waandishi hao walitaka mwanafunzi awe na jambo la kusema au la kutatua, si kutamka tu. Hata hivyo vitabu hivyo viliandikwa kwa walimu wa dunia nzima, navyo haviwezi kuchagua mahali pa kukazia kwa ajili ya mtoto wa Mpwapwa. Uchaguzi huo ni kazi yetu. Nitataja mahali patatu ambapo kulinganisha Kiswahili na Kiingereza kunaonyesha wazi kwamba pana shida.

Pa kwanza ni "he" na "she". Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, hakitengi mume na mke katika kiwakilishi wala katika kiambishi cha mtendaji: "anakuja" ni wote wawili. Mtoto hufundishwa tofauti hiyo katika somo la kwanza, huielewa mara moja, kisha huendelea kuikosea kwa miaka mingi, kwa kuwa kujua kanuni si sawa na kuwa na mazoea ya kuitazama jinsia kila anapofungua kinywa. Mchezo wa kubahatisha watosha. Mtoto mmoja ageuzwe uso ukutani. Mwalimu amwonyeshe kwa kidole mwanafunzi mmoja. Wenzake watoe habari zake kwa sentensi fupi, "She is near the window", "She is behind Asha", naye amtaje. Msemaji akiteleza akasema "she" kwa mvulana, mwenye kubahatisha atapotea upande mzima wa darasa. Kosa limepoteza kitu.

Pa pili ni vile vibainishi "a" na "the". Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina vibainishi hivyo, na kwamba kwa hiyo mtoto aanze patupu. Sehemu ya kwanza ni kweli, ya pili si kweli. Ashton, katika sarufi yake ya 1944, alikwisha kuonyesha kwamba kiambishi cha mtendwa hukifanya kitu kiwe mahususi: "Umeleta kitabu?" ni swali juu ya kitabu cho chote, na "Umekileta kitabu?" ni juu ya kile tunachokijua sote. Dhana ya "the" imo mwetu. Makao yake tu ni ndani ya kitenzi. Mwalimu na aanzie hapo, ila achague mifano ya vitu, si ya watu, kwa maana "nimemwona mtoto" huchukua kiambishi hata mtoto asipojulikana. Kisha ziwekwe mezani penseli tatu za buluu na moja nyekundu. Akiombwa "a blue pencil", mtoto alete yo yote. Akiombwa "the red pencil", alete ile moja. Na jaribio lenyewe ni pale mwalimu atakapoomba "the blue pencil". Mtoto aliyeielewa sarufi hatakwenda kuleta, atasimama na kuuliza "Which one?", kama vile kwa Kiswahili angeuliza "Ipi?" Katika zoezi hili swali la mtoto lina thamani kuliko jibu lo lote.

Pa tatu ni majibu ya maswali ya kukanusha. Mtu akiulizwa "Hujala?" naye hajala, aweza kujibu "Ndiyo", yaani ni kweli usemavyo, sijala. Kiswahili huithibitisha kauli ya mwulizaji. Kiingereza hutazama jambo lenyewe, likiwa limetendeka ni "yes", likiwa halikutendeka ni "no". Tofauti hii majedwali hayaigusi, nayo huleta kutoelewana hata kati ya watu wazima wenye elimu. Wagawiwe baadhi ya watoto kijiwe kimoja kimoja, wengine waachwe; mwalimu apite akimwuliza kila mmoja "Haven't you got a stone?" na kumpa asiye nacho. Asiye na kijiwe akijibu "Yes", apitwe. Mara moja yatosha mtoto kulikumbuka jambo hilo, maana amekosa haki yake kwa neno lake mwenyewe.

PINGAMIZI NA MIPAKA

Najua pingamizi mbili zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba kukiruhusu Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ni kukipunguza Kiingereza, ambacho mtoto hakisikii kwingineko. Hofu hiyo ina msingi, lakini mazoezi niliyoyataja hufanywa kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Kiswahili huhitajika katika akili ya mwalimu anapoyachagua, na kwa sentensi mbili tatu za kulinganisha kabla ya kuanza. Kukifukuza Kiswahili mlangoni hakukupata kukiondoa vichwani mwa watoto. Kuliwaondolea walimu tu njia ya kujua kinafanya nini humo.

Ya pili ni ya kitaaluma. Lado, mwaka 1957, alishikilia kwamba shida za mwanafunzi zaweza kubashiriwa kwa kulinganisha lugha mbili. Utafiti wa miaka ya 1970, hasa wa Dulay na Burt, ulionyesha kwamba makosa mengi ya watoto hayatokani na lugha yao ya kwanza. Nakubali. Sisemi kwamba kila kosa lina mizizi katika Kiswahili. Wala siwasahau watoto ambao Kiswahili chenyewe ni lugha yao ya pili, ingawa katika mengi niliyoyataja lugha zao za Kibantu husimama upande mmoja nacho. Nasema kwamba pale kosa lilipo na mizizi hiyo, zoezi lisiloitazama hupita juu yake kama mvua juu ya mwamba.

Kipimo changu nacho kina mpaka wake. Ile "-s" ya "he goes" haina mzigo wa maana. Mtu akisema "he go" hakuna atakayepotea njia. Upatanisho si jambo geni kwa mtoto wetu, lakini yeye ameuzoea mwanzoni mwa kitenzi, tena katika nafsi zote na ngeli zote. Si ajabu akiandika "the boys plays", akiutafuta wingi katika kitenzi kama auonavyo katika "watoto wanacheza". Kwa jambo la namna hii hakuna mchezo utakaofaa kuliko kurudiarudia, na hapo jedwali la Palmer lirudi ubaoni kwa heshima yake. Kila zoezi na kazi yake. Kosa letu limekuwa kulipa moja kazi zote.

Kwa kumalizia, nataka kusema kwamba anayepungukiwa hapa si mwalimu wa shule ya msingi. Yeye hutumia alichopewa, mbele ya watoto wengi, kwa chaki na sauti yake. Anachokosa ni kitabu ambacho kingemwonyesha, jambo kwa jambo, mahali sarufi ya Kiswahili inapomsaidia mwanafunzi wake na mahali inapompotosha, na zoezi lifaalo kila mahali. Kitabu hicho hakitaandikwa Uingereza, kwa kuwa wenye kuijua njeo ya -me- na kiambishi cha mtendwa hawako huko. Wako katika taasisi kama hii. Tumezichambua ngeli na njeo zetu kwa miaka mingi kwa ajili ya kusomwa sisi kwa sisi; sehemu ya uchambuzi huo ni deni tunalodaiwa na mtoto wa darasa la tatu, na muda wa kulilipa ni kabla hajaingia kidato cha kwanza.